Nakaa Upande wa Kulia, Wakulima Wanadhani Gari ni Langu

Mpendwa Mama Jerusa,

Nakuandikia nikiomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ndiyo siku ya mkutano wa wanachama wetu na sijui nitaingia uwanjani nikiwa nani, na tafadhali usichapishe jina langu wala jina la ushirika wetu, hata herufi za kwanza, kwa sababu hapa Litein ukimpa mtu herufi mbili anamalizia zilizobaki mwenyewe.

Mimi ni kijana, karani katika ofisi ya ushirika mmoja wa wakulima wadogo wa majani chai. Nilisoma vizuri, sinywi, sichelewi kazini, na ninaogopa mambo mengi, yakiwemo mbwa, polisi wa barabarani na mwenyekiti wetu. Kitu kimoja tu hunifanya nisahau woga, nacho ni magari ya Marekani ya miaka ya hamsini. Sijui ugonjwa huu niliupata wapi, maana sijafika hata Mombasa, lakini vijana wenzangu wanalia machozi kwa ajili ya timu za Uingereza na hakuna anayewauliza wao waliambukizwa na nani. Mimi ukinionyesha taa za nyuma tu, nitakuambia gari ni la mwaka gani. Naweza kukuambia bila kuangalia popote kwamba Bel Air ya mwaka wa hamsini na saba ina mabawa mawili ya bati huko nyuma, makali kama yamepigwa pasi, na kwamba tundu la kutilia petroli halionekani kwa sababu limefichwa ndani ya bawa la kushoto, nyuma ya ukanda wa kromu, na mtu aliyefikiria jambo hilo, Mama, mimi naamini aliwapenda binadamu.

Sasa, mwaka jana mwenyekiti wetu, ambaye nitamwita Mzee Aron ingawa sivyo anavyoitwa, alinunua gari hilo hilo. Lilikuja kutoka Nairobi juu ya lori, limefunikwa turubai, na upepo ulipoinua pembe moja ya turubai nikaona bawa, nikaacha mkulima amesimama dirishani na kitambulisho chake mkononi, nikatoka nje. Mzee Aron akaniuliza, "Karani, wanasema wewe ndiye unajua haya magari ya wazungu?" Nikasema najua kidogo. Akasema, "Basi kuanzia leo hii gari ni yetu, mimi na wewe." Nadhani hapo ndipo nilipopotea, katika neno "yetu".

Lazima nieleze jambo la usukani, kwa sababu bila hilo hutanielewa. Usukani wa gari hilo uko kushoto, kama kwao Marekani. Sisi hapa tunapita upande wa kushoto wa barabara, kwa hiyo Mzee Aron akiendesha anakaa karibu na mtaro, na akiwa nyuma ya trakta ya majani haoni kitu mbele ila majani. Ni lazima awepo mtu wa kukaa kulia, kwenye kile kiti ambacho katika magari mengine yote ya Kenya ni cha dereva, achungulie na kusema pita au usipite. Mtu huyo ni mimi. Kila Jumapili baada ya ibada tunatoka Litein kwenda Kaplong, mimi nikiwa nimetoa kichwa na kiwiko dirishani, nikisema, "Ngoja, Mwenyekiti... ngoja... kuna lori la maziwa... ngoja... sasa!" na Mzee Aron anakanyaga mafuta, na kwa muda ule mfupi ninapopita trakta nikiwa mbele kabisa, mimi siogopi chochote duniani.

Tatizo ni kwamba watu wa kando ya barabara wanapotazama gari wanatazama kiti cha kulia. Mzee Aron ni mfupi, anavaa kofia pana, naye yuko upande wa mbali. Wanayemwona ni mimi. Mwanzoni vijana wa boda boda walikuwa wananipigia honi na kupaza sauti, "Karani wa mabawa! Umeomoka!" yaani nimetajirika, na Moureen wa pale kwenye petroli, aliyezunguka gari lote akitafuta tundu la tenki, alikuja dirishani kwangu, si kwa Mzee Aron, akasema, "Boss, hii gari yako haina mdomo. Inakunywa na nini?" Mzee Aron alikasirika sana. Alisema hakununua gari ili karani awe boss. Aliniambia nikae nyuma, lakini tulikaa nyuma ya trakta moja kutoka Kapkatet hadi karibu na Sotik, akanirudisha mbele. Kisha akamwita Kebaso, fundi wetu, akamwamuru aandike kwa rangi nyeupe kwenye mlango wa kulia MWENYE GARI YUKO KUSHOTO. Watu walidhani ni kanisa jipya.

Nisikufiche, Mama, kuna mambo mengine ambayo Mzee Aron alilitendea gari hilo. Tuna chama cha wapenzi wa magari ya Marekani, Kericho na Bomet, chenye wanachama wanne na gari moja linalotembea, na katika chama hicho kila mtu ana maoni. Gari lilikuwa na rangi yake ya asili, samawati inayokaribia kijani, na paa jeupe. Mzee Aron akalipaka lote kijani cha majani chai. Akaweka kikapu cha kuchumia cha chuma juu ya boneti. Akaweka taa za zambarau chini ya gari, zile za matatu, na honi inayolia kama ng'ombe wa gredi aliyecheleweshwa kukamuliwa. Siku ya rangi niliomba ruhusa, nikaenda msalani, nikalia. Kebaso alinikuta huko akanishika bega, akasema, "Vumilia, ndugu yangu. Kwetu Kisii hata marehemu huwa tunamvalisha nguo asizopenda."

Basi mwaka huu bonasi ya majani ikaja ndogo kuliko walivyotarajia wakulima, na ndipo maneno yalipobadilika. Vijana waliacha kunipigia honi. Mzee mmoja anayeitwa Kipkurui, ambaye nilikuwa namwamkia kila siku, alisimama mbele ya gari pale sokoni, akagonga boneti kwa fimbo, akaniambia mimi, "Karani, kumbe ponasi yetu ndiyo hii imeota mapawa?" Watu wakacheka, lakini si kicheko kizuri. Mzee Aron alikuwa ameketi pale kushoto, akavuta kofia usoni. Kesho yake akamwambia Kebaso afute yale maandishi ya mlangoni. Nilifurahi sana, kwa sababu maandishi yalikuwa yanakata ule mstari wa kromu.

Mama yangu mzazi ni mwanachama wa ushirika huo huo, ana shamba dogo la majani, na sasa naambiwa kwamba pale kituo cha kupimia majani wanawake wakimwona wananyamaza, na hakuna anayemsaidia kuinua mzigo kuuweka kwenye mizani. Jumapili iliyopita alikuwa anamenya viazi, akaniuliza bila kuniangalia, "Weri," ndivyo sisi tunavyomwita mtoto wa kiume, "hiyo gari ni yako?" Nilitaka kusema hapana, Mama, naapa, mdomo ulikuwa umefunguka kusema hapana, lakini nikakumbuka ile trakta tunapoipita, na yale mabawa, nikajibu, "Ni kama yangu." Akasema, "Kama." Akaendelea kumenya.

Sasa juzi Mzee Aron amenifungia mlango ofisini akaniambia, "Jumamosi mimi nitakuja mkutanoni kwa miguu, na gamubuti, kama mkulima yeyote. Wewe utakuja na gari."

Nikasema, "Mwenyekiti, mimi sijui kuendesha."

"Nani amekuambia uendeshe? Kebaso ataendesha, avae kofia yangu, ainame kidogo. Wewe kaa pale pale kulia. Weka kiwiko nje. Cheka na watu."

"Na wakiniuliza gari ni la nani?"

"Waambie wewe unapenda magari. Ni uongo?"

Nikasema si uongo.

"Sasa unaogopa nini?" Kisha akainama juu ya meza, akasema kwa sauti ya chini kama mtu anayeposa, "Ukinifanyia hilo, wiki ijayo tunarudisha rangi ya zamani. Ile ya samawati. Na kikapu tunang'oa. Utasimamia wewe mwenyewe."

Mama Jerusa, sijalala vizuri tangu siku hiyo. Nikikataa, nitapoteza kazi, na kiti, na gari litabaki kijani mpaka mwisho wa dunia. Nikikubali, nahofia wakulima watazidi kuniangalia vibaya, ingawa inawezekana pia wakaliona lile gari katika rangi yake ya asili na wakaelewa. Je, ni kosa mtu kukaa kwenye kiti alichopewa na mkubwa wake? Na je, kurudisha rangi ya asili hakuwezi kuhesabiwa kuwa jambo jema, hata likiletwa na njia isiyo nzuri sana?

Wako mwenye hofu,
Wa Kulia, Litein

*

MAMA JERUSA ANAJIBU

Wa Kulia, mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa namtafuta mama yako ndani yake. Nilimpata karibu na mwisho, amebanwa kati ya mstari wa kromu na taa za zambarau, anamenya viazi. Nitaanza naye, kwa sababu wewe hukuanza naye.

Lakini kwanza nikupe pole, maana naona hujapewa na mtu. Kupenda gari si dhambi. Mimi nina shemeji anayependa njiwa mpaka anawaombea kanisani, na hajamdhuru mtu. Hata hilo la kulia msalani kwa ajili ya rangi silicheki sana. Nimecheka kidogo. Nyumbani kwangu niliwahi kumkuta mpangaji amepaka kabati la marehemu mama yangu rangi ya waridi, kwa hiyo najua ulivyojisikia.

Sasa sikiliza. Wewe umesoma, unaweza kulijua gari kwa kutazama mkia wake, lakini mwenyekiti wako amekaa ubavuni pako mwaka mzima na hujamwona. Hebu rudi kwenye maneno yako mwenyewe. Watu walipokuwa wanalisifu gari, alikasirika kwamba wanakusifu wewe, akaandika mlangoni kuwa mwenye gari ni yeye. Watu walipoanza kulilalamikia, akayafuta yale maandishi. Wewe ukafurahi! Ukaona kromu! Mtu anavua koti lake na kukuvika wewe watu wanapoanza kulirushia mawe, nawe unamsifu fundi aliyeshona vifungo.

Anachokutaka ufanye Jumamosi si kukaa kwenye kiti. Anataka watu wakimaliza kuuliza pesa ya majani ilikwenda wapi, wageuke wakuone wewe, umeweka kiwiko nje, unacheka. Yeye atakuwa amesimama katikati yao na gamubuti, pengine yeye ndiye atakayeuliza kwa sauti ya juu kuliko wote. Usiniambie hujawahi kumsikia mkubwa akiuliza swali ambalo yeye ndiye jibu lake. Wilaya hii tumewasikia wengi.

Na umenunuliwa kwa nini? Kwa rangi. Wenzako wananunuliwa kwa shamba, kwa nyumba, kwa safari ya kwenda kusoma mambo ya majani huko ng'ambo. Wewe kwa samawati inayokaribia kijani. Hata hiyo rangi hutaipata, mwanangu. Mtu akishakuangusha, hana sababu ya kukupakia gari rangi. Na gari lenyewe litakuwa limekwisha kuwa "lako", kwa hiyo itabidi ulipake wewe, ukiwa huna kazi.

Umeniuliza kama ni kosa kukaa ulipowekwa na mkubwa. Kukaa kulia ili mzee asigongane na lori la maziwa halikuwa kosa, ilikuwa huruma. Kosa lako ni lile neno moja ulilomwambia mama yako. "Kama." Mama huyo amekuzaa, amekusomesha kwa majani hayo hayo, anabeba mzigo peke yake mpaka kwenye mizani huku wenzake wakitazama pembeni, na bado alikuuliza wewe kabla ya kuwasadiki wao. Alikuwa anaomba neno moja la kwenda nalo kituoni. Ukamnyima, kwa sababu ulitaka kulimiliki gari kwa dakika moja ya kumenya kiazi. Hapo ndipo nilipokukasirikia, na bado sijamaliza.

Kwa hiyo utafanya hivi, tena kesho, usingoje Ijumaa.

Nenda nyumbani asubuhi kabla ya kazi. Usimkute jikoni, mfuate shambani, chukua kikapu, uchume naye. Mkiwa mmeinama, mwambie, "Mama, ile gari si yangu. Ni ya mwenyekiti. Mimi sijui hata kuendesha, huwa namwangalizia barabara tu. Nilikudanganya kwa sababu naipenda." Useme na hilo la mwisho, usilifiche, maana bila hilo hatakuelewa. Akinyamaza, endelea kuchuma. Akikucheka, shukuru Mungu. Kisha bebeni majani pamoja mpaka kituoni, na mzigo uuinue wewe, mbele ya hao wanawake, umevaa shati lako la ofisini. Usiwahutubie. Mama yako atasema anachotaka kusema, na mimi nawajua wanawake wa kituo cha majani: kufikia saa sita habari itakuwa imefika Kedowa na imerudi ikiwa imeongezwa.

Ukitoka hapo nenda ofisini, umwambie mwenyekiti, kwa adabu, mlango ukiwa wazi, "Mzee, Jumamosi sitakuja na gari. Nitakuja na mama yangu." Atakutisha. Wewe unaogopa mbwa, kwa hiyo unajua kwamba anayebweka sana hupenda uanze kukimbia. Usikimbie, na usibishane. Atakukumbusha kazi. Mjibu kwamba kazi uliajiriwa na ushirika, si na gari. Ukiogopa mpaka sauti inatetemeka, sema ikitetemeka. Hakuna aliyesema lazima iwe nzuri.

Na huyo Kebaso naye mtafute umweleze, maana Jumamosi anatumwa ainame chini ya kofia ya mtu mwingine, na nina hakika hajaambiwa kwa nini. Fundi wa watu asije akajikuta ndiye dereva wa mtu anayeitwa mwizi.

Nikuonye jambo lingine, kwa kuwa wasomi mkiamua kuwa mashujaa huwa mnazidisha. Usimwite mtu mwizi. Wewe hujui gari lilinunuliwa kwa pesa gani, na mimi sijui, na inawezekana mzee aliuza ng'ombe zake zote akanunua mabawa. Wapo wanaume wa namna hiyo, nimewaoza mabinti. Hiyo ni kazi ya wanachama kuuliza na ya mwenyekiti kujibu. Wewe una ukweli mmoja tu, nao ni mdogo: hilo gari ni la nani. Usiupunguze, usiuongeze.

Kuhusu gari lenyewe, pengine hutalipanda tena. Litauma, nami sitakudanganya kwamba litaacha kuuma upesi. Jiandikishe shule ya udereva, maana ni aibu, mtu mzima unajua mwaka wa taa za nyuma na hujui kuweka gia. Siku moja ukiwa na senti zako utanunua gari lako, hata kama ni bovu, hata kama ni nusu, na utalipaka rangi unayoitaka, na watu wakikuona kwenye usukani hawatakuwa wamekosea.

Jumamosi nenda mapema na mama yako, mkae mahali watu wanawaona. Kutakuwa na kelele. Mtu atasimama, huenda ni huyo mzee wa fimbo, aulize gari la kijani ni la nani. Ukisikia hivyo, simama. Usitaje mwaka, usitaje injini, usiguse habari za kromu. Sema, "Ni la Mwenyekiti," kisha keti. Maswali yatakayofuata hayatakuwa yako.

Mama Jerusa